Muhula mmoja Ubelgiji: mwaka haupotei ukiwahi kumwona apariteri

Mdogo wangu, umeuliza kama kwenda Ubelgiji muhula mmoja kwa burse ya Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi) kutakupotezea mwaka hapa Lubumbashi, na umesema mama anataka umalize kwanza ndipo utembee. Mimi nilikwenda Gembloux, kwenye kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Liège, nikiwa nasomea udongo. Mwaka sikupoteza. Lakini mama yako hasemi bure: wapo tuliokuwa nao kule, wakarudi nyumbani wakarudia mwaka mzima, na hawakuwa wavivu hata kidogo.

Shida ni kalenda. Kule muhula wa kwanza unaanza katikati ya Septemba, mitihani ni Januari. Huku mwezi huo mara nyingi tungali na sesheni ya pili ya mitihani, delibe (uamuzi wa kikao cha walimu kuhusu nani amepita) haijatoka, na mwaka mpya utaanza siku utakayoanza. Unaondoka mwaka wako haujafungwa vizuri, unarudi wenzako wako katikati ya somo ambalo hukulihesabu. Tangu tuingie LMD (mfumo wa licence, master na doctorat), huku na kule mwaka ni krediti 60 na muhula 30, basi ukiangalia haraka utadhani ni kazi rahisi, kama kubadilisha dola kwa faranga. Krediti zinalingana kwa idadi. Delibe ya huku inasoma majina ya masomo.

Ndiyo maana mkataba wa masomo, karatasi inayoorodhesha utakayosoma kule na ya huku yatakayohesabiwa umeyafanya, una uzito. Unatiwa sahihi na watatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Wengi wanaujaza haraka ili faili iende, na wanaangalia upande mmoja tu, ule wa masomo ya kule. Mali iko upande wa pili, penye masomo ya huku ambayo hutadaiwa ukirudi. Usikubali kuandikiwa jumla ya krediti 30 bila majina. Kila somo la kule liwe na pacha wake wa huku, na kabla hujapanda ndege nakala ifike kwa apariteri, yule afisa wa kitivo anayetunza alama za wanafunzi, si kwa profesa peke yake. Profesa anaweza kukupenda sana, ila si yeye anayeingiza alama kwenye daftari. Apariteri wa kwetu nilimwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu, alicheka, akagonga.

Ukifika utakuta somo moja limegongana saa na lingine. Mkataba unaruhusu marekebisho wiki za mwanzo, lakini marekebisho nayo yanataka sahihi ya huku. Basi acha mtu Lubumbashi asiyeona haya kusubiri mlangoni mwa ofisi. Kwangu alikuwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na hadi leo ananikumbusha. Mpaka mwisho wa Oktoba saa ya kule na ya kwetu ni moja. Baada ya hapo sisi tunawatangulia kwa saa moja, kwa hiyo piga simu asubuhi mapema.

Sasa jambo ambalo mimi sikuambiwa. Masomo yanayopata pacha kirahisi ni yale ambayo ungeyasoma hapahapa bila viza. Kilichonilipa ile safari hakikuwa na pacha kabisa: maabara, kupima shaba na kobalti ndani ya jani na ndani ya udongo, kwa mashine niliyoijua kwa picha ya kwenye silabi, kijitabu cha somo. Ukichukua yenye pacha tu, umekwenda kusoma silabi ileile kwenye baridi. Ukichukua yasiyo na pacha tu, mwaka umeliwa. Mimi nilichukua theluthi mbili yenye pacha, na yaliyobaki nikapatana na mwelekezi wangu, profesa anayesimamia kazi yangu, yaingie kwenye kazi yangu ya mwisho. Mada ilikuwa udongo wa Penga Penga, hapa Lubumbashi, kule moshi wa kiwanda cha shaba kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911 ulikoangukia miaka na miaka, kwa hiyo hakuna aliyepinga kwamba nahitaji maabara ile. Tafuta upenyo kama huo kwenye mada yako. Kama huna mada bado, chagua sasa.

Nilifika pia Meise, bustani ya mimea karibu na Brussels. Pale nikaona ua letu la shaba, Haumaniastrum katangense, linaloota kwenye udongo wenye shaba, limekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, na mahali lilipochumwa pameandikwa. Huku tunalikanyaga. Wapo watakaokuambia ukiona vile lazima ukasirike. Mimi nilikasirika kidogo, nikatamani sana kuendelea kusoma, na sioni kwa nini nichague moja.

Darasani hutapotea. Alama ni juu ya 20, minerval (ada ya masomo) ni minerval, matangazo yako kwenye valve, ubao wa matangazo. Kitakachokushtua ni kazi za kikundi: mwenzako atakuambia usoni kwamba sehemu yako haifai, kisha mtakwenda kula pamoja. Usinune. Sombe (kisamvu) utaipata Matonge, mtaa wa Ixelles. Bukari, yaani ugali, pika mwenyewe.

Pesa: kwangu burse iliingia baada ya kufungua akaunti ya benki, na benki ilitaka anwani kwanza. Ondoka na pesa ya kukaa mwezi wa kwanza, pamoja na dhamana ya chumba. Ndani ya siku 8 za kazi uwe umejiandikisha komini, ofisi ya serikali ya mtaa, halafu polisi wa mtaa atapita kuhakikisha unakaa pale kweli. Jina lako libandike kwenye kengele ya mlango siku ileile unayoingia. Rafiki yangu mmoja alingoja kadi ya ukaazi muda mrefu kwa sababu polisi alikuja, hakuona jina, akaondoka.

Kwa mama, usibishane naye. Mpelekee mkataba wenye muhuri, mwonyeshe masomo ya huku yaliyofutwa, mstari kwa mstari. Wangu aliukunja akauweka kwenye Biblia yake.

Cheti cha daktari na cha mwenendo kwa ajili ya viza anza kuvifuata mara tu barua ya kukubaliwa inapofika. Na ukipata programu ya muhula wa kule, weka hapa majina ya masomo pamoja na yale ya mwaka wako, nikuambie yapi naona yatapata pacha.