Kabla ya kuilaumu mashine: kwa wanaoanza kupima isotopu thabiti

Anayeketi kwa mara ya kwanza mbele ya spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha chembe kwa uzito wake, hudhani kwamba ugumu wote umo ndani ya mashine. Kwa uzoefu wangu, makosa mengi huwa yameshatendeka mezani, kwenye mizani na kibano, kabla sampuli haijafika kwenye tanuri.

Mashine hii kazi yake ni kulinganisha isotopu thabiti, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti na zisizooza kwa mionzi. Sampuli iliyofungwa katika kikopo kidogo cha stani huunguzwa, kaboni yake ikageuka kuwa kaboni dioksidi, kisha ioni za gesi hiyo hutenganishwa kwa sumaku na kupokewa katika vikombe vya tungamo 44, 45 na 46. Uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12 hulinganishwa na kipimo rejea cha kimataifa kiitwacho VPDB, na tofauti huandikwa kwa sehemu za elfu, yaani delta. Fahamu mapema namba unazozitarajia: maharage, mpunga na ngano hukaribia −27, ilhali mahindi, mtama na miwa huwa karibu na −12.

Mimi namba hizo nilizijua, nikazipuuza. Nilipima udongo wa shamba la mahindi la pwani, nikapata −4, namba ambayo mmea wowote wa pale usingeweza kuitoa, nami nikafurahi kana kwamba nimegundua jambo. Mzee aliyekuwa akinisimamia hakubishana. Alichota udongo kidogo, akaudondoshea asidi ya hidrokloriki, ukatoa povu. Chembe za matumbawe zilizotoa povu hilo, ambazo delta yake iko karibu na sifuri, ndizo zilizoipandisha namba yangu. Tangu siku hiyo udongo wa aina ile huutia asidi kwanza, lakini naitrojeni, ambayo nayo hupimwa kwa mashine hii, naipima katika fungu lisiloguswa na asidi, kwa kuwa asidi huweza kuondoka na sehemu yake.

Pima uzito ili kiasi cha kaboni kilingane baina ya sampuli na viwango, yaani vitu ambavyo delta yake inajulikana tayari, na viwango viwe viwili vyenye delta zilizoachana, sampuli zako ziangukie katikati. Virudie kila baada ya sampuli 10 hivi, maana vipimo vya mashine huhama polepole bila kukuaga. Na asubuhi, kabla ya kupakia chochote, tazama tungamo 40: argoni, gesi iliyomo hewani, ikizidi kawaida yake, hewa inaingia mahali fulani, na siku hiyo utashinda unakaza viungio.