Bei ya haki ya fimbo ya pool ya kuchongesha

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mchezaji wa pool hapa Majengo, Dodoma. Fundi amenitajia shilingi 450,000 kwa fimbo ya vipande viwili, mpini wa mpingo na kipande cha mbele cha mepo (maple, aina ya mbao ngumu). Je, ni bei ya haki, na nikiiuza baadaye fedha yangu itarudi?

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kukipima kipande cha mbele, ambacho hakina pambo lolote lakini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya thamani. Fundi makini hukikereza kidogo kidogo, akakipumzisha wiki au miezi kabla ya kukirudia, kwa sababu kila tabaka linapoondolewa mkazo uliomo ndani ya mbao hulegea na kipande huweza kupinda. Vinavyopinda hutupwa, na ni haki gharama yake iingie katika bei yako. Huku kwetu suala hili ni zito zaidi, kwani mbao iliyokaa katika hewa yenye unyevu ya Dar es Salaam, ikiletwa Dodoma wakati wa kiangazi, huendelea kupoteza maji na kusinyaa hata baada ya kupakwa vanishi. Muulize fundi mbao yake imekaa karakanani muda gani. Akishindwa kujibu, mimi nisingelipa bei hiyo.

Mpingo ni mti wetu, lakini hupasuka unapokauka, hufanya patasi ziwe butu upesi, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Fimbo nyingi za pool zina uzito wa kati ya gramu 510 na 600, na mpini wa mpingo mtupu unaweza kuifanya fimbo nzima ivuke kiwango hicho, ndiyo maana mafundi stadi hutoboa katikati na kutia kiini cha mepo. Kazi hiyo inastahili malipo.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie saa 30 za kazi kwa shilingi 8,000 kila saa, yaani 240,000, kisha mbao, skrubu ya kiungo na ncha ya ngozi kwa 120,000. Zinabaki 90,000 za umeme, mbao zilizoharibika na dhamana, kwa hiyo hujaonewa. Ikiwa kazi yote ni ya siku mbili na haina dhamana, bei hiyo ni kubwa mno. Njumu nazo, yaani mapambo yaliyopachikwa ndani ya mbao, zikague: pembe zilizokatwa kwa mkono huwa kali, ilhali zile za mashine ya kompyuta mara nyingi huwa na mviringo mdogo.

Kuhusu kuiuza, usitegemee fedha yote irudi. Fimbo iliyopimwa kwa mkono wako ina wanunuzi wachache, na zinazopanda thamani ni za mafundi wenye jina, kama George Balabushka wa Marekani, aliyefariki mwaka 1975 na ambaye kazi zake hutafutwa na wakusanyaji hadi leo.

Kabla ya malipo ya mwisho, iviringishe mezani ikiwa imeungwa, kisha kila kipande peke yake, ukitazama kama mwanga unapenya chini yake kwa vipindi, maana hiyo ni dalili ya kupinda. Mkubaliane kwa maandishi kwamba kipande cha mbele kikipinda kabla ya kiangazi kimoja kwisha, fundi atakibadilisha bila malipo.