Mita Kwanza, Ukutani Baadaye: Transfoma ya Ampilifaya ya Valvu

Ampilifaya za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) bado zinaletwa kwa mafundi hapa Tabora, nyingine za tangu enzi za bendi ya Tabora Jazz. Mwanagenzi akiifungua tu, mkono unamwasha aichomeke aone kama itawaka. Mdogo wangu, acha.

Anza na kapasita kubwa, vile vihifadhi chaji. Zinaweza kuwa na volti 400 hata kama waya wa umeme umechomolewa. Zimalize chaji kupitia rezista ya kilo-omu 10, wati 5, halafu hakikisha kwa mita. Bisibisi usithubutu.

Transfoma za Marekani zina desturi yake ya rangi za waya: nyeusi ni ukutani, nyekundu volti kubwa, nyekundu yenye mstari wa njano ni kati yake, kijani volti 6.3 za filamenti (waya unaopasha valvu moto), njano volti 5 za rektifaya (valvu inayogeuza AC kuwa DC). Ila kifaa kikishapita kwa mafundi wawili watatu, rangi ni pambo tu.

Piga picha, kisha achia waya zote. Weka mita kwenye omu; waya zinazosomana ni za koili moja. Volti kubwa ndiyo yenye omu nyingi, kwa kawaida kuanzia makumi hadi mia na kitu. Ukipima kutoka kati, nusu mbili hazilingani sawasawa: iliyosukwa juu ina mzunguko mpana, hivyo waya wake ni mrefu. Hilo si kosa. Koili ya ukutani ina omu chache zaidi, na ya filamenti ni karibu sifuri, ndiyo wengi wanaiita shoti bure. Kati ya koili na chuma mita isisome kitu.

Sasa lisha koili ya ukutani volti 12 za AC kutoka transfoma ndogo, na kila unachosoma zidisha kwa 19 (yaani 230 gawa kwa 12). Ukiona 0.33, ni ya filamenti. Ukiona 32 ncha kwa ncha, ni 300 kila upande. Angalia usikosee koili: volti 12 hizo zikiingia kwenye filamenti, waya za ukutani zitatoa zaidi ya 400, na volti kubwa itapita 1,000.

Mwisho ni volti 230, balbu ya wati 60 ya waya (si ya LED) ikiwa katikati ya njia ya umeme wa kwenda kwenye transfoma. Imulike kidogo na kufifia. Iking'aa moja kwa moja, mizunguko imegusana ndani, jambo ambalo omu haikuonyeshi. Na kibao cha nyuma kikisema volti 117, tafuta kwanza transfoma ya kushusha.