Pamba ya mwezini, roboti lenye ngozi na meno kwenye uvimbe

Barua za safari hii zimetoka mikoa mbalimbali, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: nyama hai kukutwa mahali ambapo mtu hakuitarajia. Nazijibu nyingi kadiri nafasi inavyoruhusu.

Shikamoo mzee. Nimeona video ya uso wa rangi ya waridi, hauna nywele wala masikio, unatabasamu. Wanasema ni roboti na ngozi yake ni ya mtu. Ni kweli? Huyo mtu aliyechunwa ni nani? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na hakuna aliyechunwa. Ni kazi ya Profesa Shoji Takeuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo, waliyoitangaza mwaka 2024. Seli za ngozi ya binadamu huoteshwa maabara, kisha huchanganywa na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara. Hapo unapata kitu kama uji mzito. Uji huo humiminwa juu ya umbo gumu, seli zinaongezeka na kujikaza mpaka inakuwa ngozi.

Shida ilikuwa kuishikiza. Waulize mafundi wa ngoma: ngozi ikikauka hujivuta, na usipoipigia vijiti vya kuishika inakuachia mdomo wa ngoma wazi. Watu wa Tokyo waliutoboa uso vijitundu vingi, uji ukapenya humo na kugandia ndani, ngozi ikawa imeshikwa kwa chini bila kuonekana. Kabla ya hapo, mwaka 2022, walikuwa wameshakivika kidole cha roboti ngozi ya namna hiyo. Wakaichana, wakabandika kipande cha kolajeni juu ya jeraha, likaziba. Ila ngozi hiyo haina neva wala mishipa ya damu. Haihisi maumivu, na ukiiacha hewani inakauka.

Mzee, huku sisi ni wakulima wa pamba. Nimesikia Wachina walipanda pamba mwezini. Je, walivuna? (Mkulima, Bariadi)

Hata kitumba kimoja hawakukiona, ndugu yangu. Chombo chao, Chang'e 4, kilitua tarehe 3 Januari 2019 upande wa mwezi usioonekana kutoka huku kwetu. Kilibeba kopo lililofungwa kabisa, la kilo 2.6 hivi, ndani yake mna udongo, maji, hewa, hamira, mayai ya inzi wa matunda na mbegu kadhaa, zikiwemo za viazi na pamba. Pamba ikachipua. Kisha jua likatua. Usiku mmoja wa mwezini ni kama siku 14 za kwetu, na kopo lile halikuwa na cha kulipasha joto. Chipukizi likafa kwa baridi.

Usisahau pia kwamba udongo ule ulitoka duniani. Waliootesha mmea kwenye udongo wenyewe wa mwezi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, mwaka 2022, kwa gramu chache zilizoletwa na wanaanga wa Apollo, safari za Wamarekani za kwenda mwezini. Walitumia kimmea kidogo cha ukoo mmoja na sukuma wiki. Kiliota, lakini kwa kudumaa.

Mzee, binti wa jirani yangu, hajaolewa, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Ndani wakakuta nywele na meno. Mtaani wanasema amerogwa, wengine wanasema ni mimba aliyoificha. Ukweli ni upi? (Mama, Kahama)

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kusambaza. Si uchawi, na si mimba.

Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali, mahali panapopelekwa vipande vilivyotolewa kwenye upasuaji. Uvimbe huu nimeupasua mara nyingi. Kwa nje ni laini, mweupe. Ukiupasua unatoka na mafuta ya manjano, ambayo mwilini yalikuwa maji na sasa yameganda kama samli ya asubuhi. Katikati kuna kishungi cha nywele, na pembeni, mara nyingine, jino zima, linang'aa, limekaa kwenye kinundu cha nyama. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili, kwa hiyo siwacheki majirani zako.

Kinachotokea ni hiki. Kila msichana huzaliwa na seli za mayai kwenye ovari zake, yaani vifuko vya mayai, na seli hizo zina uwezo wa kujenga kila aina ya nyama ya mwili. Mara chache moja inaanza kujigawa yenyewe, bila mbegu ya mwanamume. Haina mpango wa kujenga mtoto, inajenga vipande tu: ngozi, nywele, mafuta, mfupa, meno, pengine hata tezi ya shingoni. Uvimbe huu unaweza kumpata msichana asiyewahi kukutana na mwanamume kabisa. Jina lake la kitabibu, teratoma, alilitoa Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya dude la kutisha. Kwa hiyo hata wasomi waliogopa.

Uvimbe huu hukua polepole, na mara nyingi sana si saratani. Hatari yake kubwa ni kujisokota pamoja na ovari na kukata njia ya damu. Hapo maumivu huja ghafla upande mmoja, na kutapika juu yake. Huyo awahishwe hospitali, asipelekwe kwingine kwanza. Mara nyingi madaktari hutoa uvimbe na kuiacha ovari, na binti huzaa vizuri akijaliwa. Waambie mtaani wamwache apone.

Nasikia kuna roboti zilizotengenezwa kwa chura. Kweli? (Msomaji, Morogoro)

Zipo, ila usifikirie chura mwenye betri. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Vermont na Tufts, Marekani, walichukua seli za ngozi na za moyo kutoka kwenye kiinitete cha chura, yaani chura angali anajengeka ndani ya yai, wakaziunganisha kwa umbo lililopendekezwa na kompyuta. Vidude hivyo, vidogo kuliko milimita 1, vikatambaa majini. Havikulishwa: viliishi kama wiki moja kwa akiba ya kiini cha yai, kisha vikafa.

Chura mwenyewe asili yake ni kusini mwa Afrika, na kazi za maabara hakuanza jana. Tangu miaka ya 1930 alipima mimba. Jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kabla ya kesho yake, basi hongera.

Mimi fundi gereji. Misuli ikifungwa kwenye mashine, sevisi yake ikoje? Inataka oili gani? (Fundi, Nairobi)

Swali la leo ndilo hili! Misuli haitaki oili, inataka kula na kutolewa taka. Nilipokuwa mafunzoni nililea seli kwenye chupa, nyuzi joto 37, ndani ya maji ya virutubisho ya rangi ya waridi. Ijumaa moja nilikimbilia msibani bila kuzibadilishia maji. Jumatatu maji yalikuwa ya njano. Seli zilikuwa zimeogelea kwenye taka zake zenyewe, na nyingi zilikuwa zimebanduka.

Mapema mwaka 2025, Takeuchi yule yule na wenzake walionyesha mkono wa sentimita 18 unaokunja vidole kwa misuli ya binadamu iliyooteshwa. Nyuzi nyembamba za misuli zilikunjwa pamoja kama mkeka ili kila moja ifikiwe na chakula, kisha zikatiwa umeme. Mkono ukaonyesha vidole viwili, ishara ya mkasi. Baada ya dakika 10 za kazi ulichoka, nguvu zikashuka. Hawakubadilisha kipuri chochote. Waliupumzisha saa moja, zikarudi. Ila usiulete gereji bado, fundi, maana unafanya kazi ukiwa umezama majini tu.