Picha waijua, mahali je? Vile najipima jografia ya dunia siku hizi

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo bandarini, kwa hivyo kutwa nzima nashinda na majina ya bandari. Salalah, Jebel Ali, Nhava Sheva, Mundra, nayapiga kwa kompyuta mpaka vidole vimeyazoea vyenyewe. Juu ya hapo nlikuwa na ule mchezo wa kwizi kwa simu, waletewa picha ya jengo mashuhuri na majibu manne, wachagua moja. Kwenye matatu nikiwa nasubiri ijae nishajibu maswali ishirini, napata 18, napata 19. Nikajiona mie ndo mie.

Sasa jioni moja tuko barazani Kibokoni, hapa Mombasa, isha ishaswaliwa, muuza kahawa yuko na dele lake, na mie natoa simu naonyesha watu alama zangu. Ami yangu yuko pale. Huyu mzee alikuwa baharia, meli amezifanyia kazi miaka mingi kabla sijazaliwa. Akaitazama ile simu kidogo akanirudishia.

"Mwanangu, Istanbul waijua?"

"Naijua ami, si ndo mji mkuu wa Uturuki, wenye ule msikiti wa Hagia Sophia."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mji mkuu ni Ankara, tangu 1923. Lakini hilo hakulishikilia sana. Akaomba boksi la kashata lililokwisha, akalipasua likawa bapa, akachukua kijipande cha kaa kwa jiko la kahawa akanipa. "Hapa ni Kilindini. Nipeleke Istanbul kwa meli, na kila unapopita unitajie."

Nikachora. Pwani ya Somalia vizuri, nikazunguka Pembe ya Afrika vizuri, alafu mkono ukaendelea kwenda tu, nikaupita Yemen, nikaupita Oman, nikaingia ghuba nikasema hapa sasa ndo Suez. Ami akaweka finjani chini. "Hio meli yako imepanda Basra, mwanangu. Mizigo ya watu umeipeleka Iraq."

Wallahi nlitamani baraza lipasuke niingie. Mtu mwenye 19 kwa 20! Na kilichonikera si kukosea, ni kuwa picha ya Hagia Sophia nlikuwa naijua mpaka minara yake minne, ila mahali ilipo sikupajua hata kidogo. Hizi kwizi za kuchagua jibu zakudanganya hivyo. Jibu liko pale limeandikwa, wewe walitambua tu kama unavyoitambua sura ya mtu wa mtaa wa pili ambaye hata jina lake hulijui. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndo huo huo mkubwa, weka simu kando tafuta karatasi tupu. Chora. Mchoro mbaya hauna neno, wangu wa Afrika mpaka leo wafanana na paja la kuku.

Njia yenyewe aliyonionyesha ami ni hii, na mie sasa kila ninayemjua namjaribu nayo. Watoka Kilindini wapanda na pwani ya Somalia, wazunguka Pembe, waingia Ghuba ya Aden, alafu wapenya Bab el Mandeb, mlango mwembamba kati ya Yemen na Djibouti, jina lake la Kiarabu ni mlango wa machozi. Hapo uko Bahari ya Shamu. Kulia kwako Mokha, bandari ya Yemen iliyosafirisha kahawa mpaka jina lake likawa jina la kahawa (hapa ami aliinua finjani). Mbele kushoto Suakin ya Sudan, kulia Jeddah. Wafika Suez, mfereji ulofunguliwa 1869, watokea Port Said uko Bahari ya Kati. Iskandaria iko magharibi kidogo, kule palisimama mnara wa taa wa Pharos, mmoja wa maajabu saba ya kale, ukaangushwa na mitetemeko ya ardhi, na karne ya 15 Sultan Qaitbay akajenga ngome pale pale. Kisha wapanda kaskazini, waingia Dardanelles, na magofu ya mji wa kale wa Troy yako karibu hapo upande wa Asia, wakata bahari ya Marmara, Istanbul hio hapo.

Umeona? Safari moja, na miji na majengo yote hayo yamekaa kwa mstari kama shanga. Huwezi tena kuisahau Suakin sababu waijua jirani zake. Na hata habari za kazini zikaanza kuniingia, tangu mwisho wa 2023 meli zikishambuliwa kule Bahari ya Shamu nyingi zikawa zazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wateja wananipigia kelele mizigo yachelewa, zamani ningesema tu "kuna vita" basi. Sasa nawachorea.

Kwa hivyo anza kwako. Usianze na Paris. Sisi Mombasa tuna bahati, tuna Fort Jesus pale, watu wapita mbele yake kila siku wakienda sokoni wala hawaigeuzii shingo. Mreno aliijenga 1593 mpaka 1596, mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Cairati. Lakini usikome hapo kwa tarehe, jiulize kwa nini pale na si Likoni. Sababu imekaa pale mlangoni penye kuingia bandari ya zamani, chombo hakipiti bila kuonekana. Alafu jiulize Mreno alikuwa na ngome gani nyingine. Hapo ndo utamu. Elmina, Ghana, 1482. Goa, India, waliiteka 1510. Malacca, Malaysia ya leo, 1511. Muscat, Oman, ngome mbili za Jalali na Mirani, zatazama bandari vile vile kama yetu. Waoman wakamtoa Muscat 1650, wakamfuata mpaka hapa, wakaizingira Fort Jesus kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698. Yaani kwa ngome moja ya hapa mjini umeshazungushwa pwani za Bahari Hindi zote, na ukiweka vidoto kwa karatasi yako utaona mwenyewe Mreno alikuwa akitaka nini.

Istanbul pia jibu ni hilo hilo, mji umekaa mlangoni, Bosphorus, ule mkondo wa kwendea Bahari Nyeusi, wote uko mkononi mwake, ndo maana kila mkubwa aliutaka, Hagia Sophia ilimalizwa 537 ikiwa kanisa na 1453 ikageuzwa msikiti. Swali la kwa nini pale lashinda swali la mwaka gani, mie naona hivyo.

Na Salalah yangu ile! Miaka naandika Salalah, nlidhani iko Dubai huko. Kumbe ni kusini mwa Oman, Dhofar, nchi ya ubani, huu huu ambao mama achoma kila Alhamisi jioni, na hapo mjini pana magofu ya Al Baleed, bandari ya kale ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka 2000 pamoja na sehemu zengine za ubani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa kwetu 1331 akenda Kilwa, na kutoka Kilwa akashika bahari mpaka Dhofar. Njia ya makontena yangu, yeye alipita kwa jahazi.

Kitu kingine, weka daftari la deni. Kama la dukani, lile la "sukari nusu, maziwa paketi mbili". Kila unachokosea kiandike na tarehe, na siku tatu nne baadaye rudi ukilipe bila kuchungulia. Ukilipa kifute, ukishindwa deni labaki. Langu la kwanza kabisa lilikuwa hivi: Istanbul. Taj Mahal (nlisema Delhi, ni Agra, kando ya mto Yamuna, Delhi iko mbali kama kilomita 200). Mapiramidi (nlisema Misri tu, na Sudan wanayo mengi kuwashinda kwa idadi, madogo madogo yenye ncha kali, yale ya Meroe yaliingia UNESCO 2011, mwaka mmoja na Fort Jesus). Tripoli, hii iko Libya na iko Lebanon, kwa hivyo ukiulizwa na wewe uliza ipi. Timbuktu nayo aibu, twaitaja kama mahali pa hadithi tu, nao ni mji wa watu pale Mali karibu na mto Niger, na msikiti wa Djinguereber uko tangu 1327, enzi ya mfalme wao Mansa Musa.

Ukiwa wamjaribu mtoto usimpe orodha ya miji mikuu aikariri, atakuchukia na jografia ataichukia. Mtoto wa dada yangu ana miaka 11 na vilabu vya mpira vya Ulaya avijua vyote. Namuuliza Liverpool bahari yake ni ipi, Granada pana nini juu ya kilima, akaenda kutafuta akarudi na Alhambra, ananieleza mie sultani gani alikaa wapi, nusu kakosea lakini macho yawaka.

Ila njia ya ami ina tobo moja, na nililiona juzi. Huyu mzee dunia aijua kwa bandari tu. Machu Picchu, ule mji wa kale wa Peru, alinipeleka vizuri, akateremka bandari ya Callao, akaniambia zilobaki panda mlima mwenyewe, ni zaidi ya mita 2,400 juu. Petra ya Jordan akateremka bandari ya Aqaba, shwari. Sasa nikamwambia, haya ami, masalkheri, nipeleke Samarkand, kule kwenye ule uwanja wa Registan wenye majengo ya vigae vya buluu. Uzbekistan. Nchi haina bahari, na kila jirani yake naye hana bahari, duniani nchi za hivyo ni hio na Liechtenstein peke yake.

Akalishika kaa. Akachora mpaka Karachi, Pakistan, akasimama. Akafuta kwa kidole, akachora tena mpaka Bandar Abbas, Iran, akasimama hapo pia, akalitazama lile boksi muda. Alafu akamwita muuza kahawa, akasema aongeze, na hesabu iende kwangu.