Unaenda St Andrews? Hiyo weji ya digrii 60 iache dukani

Mkuu, usiilipie hiyo weji. Umeandika kwamba mwezi wa saba unaenda Uskoti kucheza gofu, kwenye viwanja vya Old Course ya St Andrews halafu Carnoustie, na mwalimu wako hapo Arusha amekushauri ununue weji ya digrii 60, ile fimbo fupi yenye uso uliolala sana wa kuinulia mpira, ujifue kuupandisha mpira juu kabisa "ili ukitua utulie". Umeuliza pia kuhusu kupata nafasi, nguo, kedi wa kukubebea fimbo na kukuongoza, na mahali pa kulala. Hayo nitayagusa nikifika. Hili la weji ndilo litakalokuharibia safari, na linanikera kwa sababu ushauri huu unazunguka kila mwaka, na wanaoutoa hawatakuwepo upepo wa Bahari ya Kaskazini utakapoubeba mpira wako hadi kwenye miiba.

Kanuni ni hii: lenga mahali mpira utakapotua, usilenge bendera. Na kama kuna njia ya kuupitisha chini, upitishe chini.

Viwanja vya pwani ya Uskoti vimelala juu ya mchanga. Mvua inanyesha, maji yanazama upesi, ardhi inabaki ngumu. Nyasi zake nyingi ni feskyu, zenye jani jembamba sana, na zimekatwa chini mno kiasi kwamba mpira haukai juu ya nyasi, unakaa juu ya ardhi yenyewe. Sisi tumezoea nyasi za kikuyu na bermuda. Jani ni nene, linaunyanyua mpira, na fimbo inapata nafasi ya kupita chini yake. Ndiyo maana huku mkwaju wa juu unaonekana rahisi. Nyasi zinakufanyia nusu ya kazi.

Sasa angalia soli ya weji. Zile zinazofaa ardhi laini zina soli nene iliyoinama, digrii 10 hadi 14, ili fimbo isizame kwenye udongo. Ukiipeleka fimbo hiyo kwenye ardhi ngumu na ukaifungua uso, yaani ukaulaza zaidi, kama video zinavyofundisha, soli inagonga ardhi kwanza, inadunda, na makali yanaukuta mpira katikati ya tumbo. Mpira unaondoka kwa kimo cha goti, unavuka grini yote, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, na kuishia upande wa pili, pabaya kuliko ulipotoka. Mchezaji akishaona hivyo mara mbili anaanza kugonga chini kwa nguvu kujihami. Makali yanachimba, mpira unasogea hatua mbili. Shimo ambalo lingekugharimu mikwaju 5 linakugharimu 8, na hukufanya lolote la ajabu, umefuata tu ulichofundishwa.

Tuseme umeupiga vizuri kabisa. Bado umeukabidhi kwa upepo. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila maili moja kwa saa ya upepo wa mbele inakula takriban asilimia 1 ya umbali, na upepo wa nyuma unaongeza nusu ya hapo. Upepo wa maili 20 kwa saa kule ni wa kawaida, watu hawauzungumzii hata kidogo. Mkwaju wa yadi 100 unakuwa wa yadi 80. Hapo ni kwa mpira wa kimo cha kawaida. Uliopandishwa makusudi unaumia zaidi, kwa kuwa unakaa hewani muda mrefu zaidi na unazunguka kwa nyuma kwa kasi, na mzunguko huo ndio upepo wa mbele unaoutumia kuuinua tena. Utauona ukipanda, ukisimama, kisha ukidondoka nyuma ya ulipokusudia, mara nyingi ndani ya shimo la mchanga lililowekwa pale makusudi kumsubiri mtu aliyepungukiwa.

Upepo ukiwa wa nyuma unageuka tatizo lingine: mpira hautulii. Mwaka 2009, kwenye uwanja wa Turnberry huko huko Uskoti, Mmarekani Tom Watson akiwa na umri wa miaka 59 alihitaji mikwaju 4 tu kwenye shimo la 18 ili achukue The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza. Mkwaju wake wa pili, kwa fimbo namba 8, ulipigwa safi ukatua kwenye grini. Ukadunda, ukakimbia, ukatoka nyuma. Alimaliza kwa mikwaju 5 na akashindwa na Stewart Cink kwenye mashimo ya nyongeza. Yule alikuwa ameshinda The Open mara 5 na anavijua viwanja hivyo kuliko karibu mtu yeyote aliye hai. Halafu mwalimu wa video anakuambia mpira wako wewe utatua na kutulia!

Kuna jambo jingine wanalolisahau, na linatuhusu sisi wa huku juu. Arusha iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Nairobi zaidi ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi, asilimia 5 hivi Arusha, 6 au 7 Nairobi. St Andrews uko kando ya maji, na hewa ni baridi hata mwezi wa saba. Fimbo yako namba 7 unayoitegemea kwa yadi 150 itakupa 140 hata kabla upepo haujaamka. Andika upya orodha yako ya umbali kabla ya kupanda ndege, maana ukibaki na hesabu za Arusha utapungukiwa siku nzima na utadhani umesahau kupiga. Ndugu zetu wa Mombasa na Dar wako karibu zaidi na ukweli hapa, angalau hewa yao ni ya usawa wa bahari na upepo wanaujua.

Basi unafanyaje?

Ukiwa yadi 40 au chini ya hapo, na mbele yako hakuna shimo la mchanga wala mfereji, cha kwanza kufikiria ni fimbo ya kuputi, ile ya kuusukuma mpira chini uingie shimoni. Ndiyo, kutoka nje ya grini. Feawei za kule, zile njia za nyasi fupi kuelekea grini, zimekatwa chini kiasi kwamba mpira unateleza vizuri. Ongeza nguvu kidogo kufidia nyasi za mwanzo, basi. Hata ukikosea sana utabaki na mpira mahali pa kuchezeka. Kwenye The Open ya mwaka 1995 Mwitaliano Costantino Rocca alifika mbele ya grini ya 18 Old Course akihitaji mikwaju miwili tu kumfikia John Daly aliyekuwa anaongoza. Alijaribu kuuinua mpira kidogo, fimbo ikachimba, mpira ukaishia kwenye lile bonde wanaloliita Valley of Sin. Ndipo akachukua fimbo ya kuputi, akaupiga kwa nguvu kupanda mteremko, futi 60 hivi, ukaingia. Mtu yule yule, dakika ile ile, ardhi ile ile. Tazama ni fimbo gani iliyomwangusha na ipi iliyomwokoa.

Nyasi zikiwa nyingi kidogo mbele yako, chukua namba 7, 8 au 9. Miguu karibu, mpira usawa wa mguu wa kulia kama unapiga kwa mkono wa kulia, uzito mwingi mguu wa kushoto, mikono mbele ya mpira, shika fimbo chini kidogo, kisha piga kwa mabega kama unaputi bila kukunja viganja. Kwa grini tambarare, namba 9 inakwenda sehemu 1 hewani na 3 chini. Namba 7 sehemu 1 hewani na 5 chini. Hizo ni hesabu za kuanzia. Ardhi ikiwa imekauka na rangi ya nyasi imegeuka kahawia, punguza ya hewani zaidi.

Ukiwa mbali, yadi 120 hadi 170, chukua fimbo kubwa zaidi ya unayodhani, yaani yenye namba ndogo zaidi, mbili hata tatu zaidi kwenye upepo wa mbele, sogeza mpira nyuma nusu hatua, na malizia mikono ikiwa usawa wa kifua. Usipige kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu unauongezea mpira mzunguko, nao unapanda, tunarudi kule kule. Kwa upepo wa nyuma tua yadi 20 hadi 30 kabla ya grini, ukiwa na uhakika kwamba ardhi ya mbele iko wazi.

Ndiyo maana kipimo cha leza ninakiona kama chombo cha kukupoteza ukikitumia peke yake. Kinakupa umbali wa bendera, na wewe unahitaji umbali wa mahali pa kutua. Kwa hili chukua kedi, hapo usibane matumizi. Lakini umuulize swali linalofaa. Usimwambie "yadi ngapi?" Mwambie "nitue wapi?" Atakuonyesha kichuguu, alama ya nyasi, wakati mwingine mahali palipo yadi 15 kushoto kwa bendera, kwa sababu ardhi ndiyo itakayoupeleka mpira kulia. Mfuate hata kama macho yako yanakataa. Old Course ina grini 7 zinazotumiwa na mashimo mawili mawili, jozi zake zikijumlishwa zinafika 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kuendelea hivyo. Bendera za mashimo ya kwenda ni nyeupe, za kurudi nyekundu. Utajikuta kwenye grini sahihi ukiwa mita 30 kutoka shimo lako, kwa hiyo jifue kuputi kwa umbali huo, jambo ambalo karibu hakuna mtu huku analifanya.

Kanuni ina mipaka yake, nisikufiche. Mbele ya grini ya kwanza Old Course upo mfereji wa Swilcan Burn, unagusana kabisa na grini. Hapo huwezi kuupitisha mpira chini, chukua fimbo moja zaidi na upige hadi nyuma ya grini. Carnoustie, Barry Burn unakata mashimo ya 17 na 18, na feawei ikiwa ngumu hata mkwaju mzuri wa draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, unaweza kutembea mpaka majini. Muulize kedi umbali wa kuufikia mfereji kabla hujachomoa fimbo.

Najua utaambiwa digrii 60 ni ya kutokea kwenye mashimo ya mchanga, kwa kuwa kuta zake ni za wima, zimejengwa kwa mapande ya nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Old Course ina mashimo ya mchanga zaidi ya 100. Digrii 56 ukiifungua uso inatosha. Ukuta ukiwa juu kuliko uwezo wa hiyo, jibu ni kutoka pembeni au kurudi nyuma, fimbo mpya haitakusaidia. Kwenye The Open ya mwaka 1978 hapo hapo Old Course, Mjapani Tommy Nakajima alikuwa tayari kwenye grini ya 17, akaputi, mteremko ukauvuta mpira hadi kwenye shimo la mchanga liitwalo Road Bunker. Ilimchukua mikwaju 4 kutoka, akaandika 9. Kwenye The Open ya uwanja wa Troon mwaka 1950, mchezaji wa ridhaa kutoka Ujerumani, Herman Tissies, aliandika 15 kwenye shimo la 8, lenye urefu wa yadi 123 tu, akitoka shimo moja la mchanga kuingia jingine. Ukikwama kabisa, sheria inakuruhusu kutangaza mpira hauchezeki: adhabu ya mkwaju 1 ukiuangusha ndani ya shimo lile lile, au mikwaju 2 ukitoka nje nyuma yake kwenye mstari wa bendera. Miwili ni nafuu. Ichukue.

Kinachoniudhi kuhusu hawa wauza weji ni kwamba hawakosi maarifa. Wanajua. Ila kumfundisha mtu kuupitisha mpira chini kwa namba 7 aliyonayo tayari hakuuzi kitu, na hakupendezi kwenye video ya sekunde thelathini. Mpira unaopaa mawinguni unapendeza. Kwa hiyo wanakuuzia picha, wewe unakwenda kulipa ada ya Old Course ili uigize picha hiyo mbele ya upepo. Mwambie mwalimu wako akuonyeshe mkwaju huo kwenye ardhi tupu ya kiangazi, bila nyasi. Uone kama atakubali.

Haya mengine kwa ufupi. Old Course hufungwa Jumapili, na watataka uthibitisho wa handikapu yako, ile namba rasmi ya kiwango chako cha mchezo. Kama hukuhifadhi nafasi mapema, ipo bahati nasibu, majina yanapelekwa siku mbili kabla. Pale pale kuna New Course, ya mwaka 1895, ardhi ni ile ile. Icheze kwanza, siku moja kabla, uizoeshe mikono yako na hizo nyasi. Nguo: koti na suruali vya mvua, glavu za mvua jozi mbili, kofia ya sufu. Mpira ukiingia kwenye vile vichaka vya miiba vyenye maua ya njano una dakika 3 za kutafuta, usizitumie kujichana.

Kuanzia leo mpaka mwezi wa saba, tafuta pembe iliyokauka ya uwanja wako, iliyobaki udongo na nyasi chache. Peleka mipira 50, namba 7 na fimbo ya kuputi. Weka taulo yadi 7 hivi mbele yako, na lengo lako liwe yadi 40. Mpira utue kwenye taulo, uache utembee, angalia umeishia wapi, kisha sogeza taulo. Hoteli wengine watakujibu.