Toleo jipya la EPLAN: kuhama hameni, namba msiguse

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhandisi wa matengenezo kwenye kiwanda cha vinywaji, Dar es Salaam. Michoro ya umeme ya laini yetu ya kujaza chupa, kurasa 212, tulikabidhiwa ikiwa kwenye EPLAN 2.9, programu ya kuchorea michoro ya umeme. Sasa tumenunua toleo jipya na vijana wamelipenda, wanasema amri zinaonekana na kutafuta vitu ni rahisi. Fundi wa kompyuta tuliyempa kazi ya kuhamisha anashauri tufungue mradi wa zamani, tupange upya namba za vifaa vyote kwa mkupuo, na ndani ya siku moja michoro itakuwa "ya kisasa na sahihi". Tumfuate?

Jibu: Ndugu mhandisi, kuhamia toleo jipya hakuna ubaya. Huo ushauri wa kupanga namba upya ukataeni kabla hajagusa kompyuta yenu.

Maboresho yenyewe ni ya kweli. Tangu toleo la 2022, EPLAN imeacha menyu za zamani na kuweka utepe wenye amri zilizopangwa kwa kazi, pamoja na sehemu moja ya kuingizia alama, makro (vipande vya mchoro vilivyohifadhiwa vitumike tena) na vifaa, ambapo mchoraji anajiwekea vile anavyovitumia kila mara. Kuna pia mwonekano mweusi kwa anayekesha mbele ya skrini. Yote hayo yanamrahisishia mchoraji kazi ya kuchora. Hakuna hata moja linalojua ndani ya paneli yenu kuna nini, na hapo ndipo viwanda vingi vinapopotea kila toleo jipya linapotoka: mchoro ukishapendeza kwenye skrini, watu wanauhesabu kuwa ni sahihi.

Chukueni mfano huu. Kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) ya konveya ya chupa ni -K3, ya pampu ya sharubati ni -K5. Zamani kidogo rilei -K1 na -K2 ziliondolewa, namba zao zikabaki wazi. Mtu anateua mradi mzima, anabonyeza, programu inahesabu upya kuanzia 1 kwa kufuata kurasa. Konveya inakuwa -K1, kifaa cha katikati -K2, pampu -K3. Marejeo ya kurasa yanajirekebisha, orodha za terminali (sehemu za kufungia nyaya) zinafuata, hakuna onyo lolote. Kwenye paneli, stika ya -K3 bado imebandikwa kwenye kontakta ya konveya. Usiku skrini ya opareta inaandika hitilafu ya K3, kwa kuwa maneno ya skrini hayaandikwi na mchoro. Fundi wa zamu anafungua mchoro, anaona K3 ni pampu, anazima breka ya umeme wa pampu na kuipiga kufuli, kisha anaingiza mkono kwenye konveya iliyosimama kwa hitilafu tu, huku umeme wake wa 400 V ukiwa palepale. Fundi huyo hana kosa. Amefuata nyaraka alizopewa.

Jina la kifaa haliishi kwenye mchoro peke yake. Liko kwenye stika, kwenye vibao vya kebo, kwenye programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), kwenye ujumbe wa skrini, kwenye kadi za stoo na kwenye utaratibu wenu wa kufunga mashine kwa kufuli. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinataka vifaa vitambulike kwa majina yaleyale yaliyo kwenye nyaraka, na kila waya utambulike kila unapofungwa kulingana na nyaraka hizo. Kitufe kimoja kinavunja masharti yote mawili.

Huyo fundi wenu huenda akaleta hoja ya herufi mpya. Ni kweli IEC 81346-2, kiwango cha herufi za majina ya vifaa, inaipa kontakta kuu ya mota herufi Q badala ya K iliyozoeleka, na swichi ya kikomo B badala ya S, huku kitufe cha kubonyeza kikibaki S. Itumieni kwenye paneli mpya. Paneli iliyokwisha kufungwa ibaki na majina yake, mpaka siku mtakapozima laini na kubadilisha stika, PLC, skrini na stoo kwa pamoja.

Sasa kuhama kwenyewe. Wengi hunakili faili la .elk wakidhani wamebeba mradi. Faili hilo linaelekeza tu. Data iko kwenye folda yenye jina lilelile inayoishia na .edb. Tumieni amri ya kuhifadhi mradi itoe faili moja la .zw1, lipelekeni kwenye diski ya nje, kisha lifungueni kwenye kompyuta nyingine yenye 2.9 mjiridhishe kwamba linafunguka. Msiiondoe 2.9 mapema, kwa sababu mradi ukishapandishwa toleo la zamani haliufungui tena.

Kabla ya kupandisha, toeni PDF ya kurasa zote 212, na orodha za vifaa, terminali, kebo na waya katika Excel. Pandisheni nakala, siyo mradi halisi, kisha toeni orodha zilezile na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Tofauti ya majina iwe sifuri. Jina moja likibadilika, simameni mtafute sababu. Hifadhidata ya vipuri ya Access, ile ya .mdb, nayo ihamishiwe kwenye muundo mpya wa .alk na mkague namba za oda. Kwenye mipangilio, namba itolewe kwa kifaa kipya pekee. Mkilazimika kutoa namba za waya, ondoeni tiki ya mradi mzima, teueni ukurasa unaohusika, na mchague zilizopo zisifutwe.

Halafu nendeni kwenye paneli na karatasi. Anzeni na kurasa za mota na za mzunguko wa dharura. Mmoja asome mchoro, mwingine asome stika na namba za waya, na kila tofauti iandikwe kwa kalamu nyekundu na tarehe. Kinachohitaji kushikwa au kuvutwa kisubiri umeme uzimwe na upimwe kwa mita. Hapa ndipo usahihi unapopatikana, na kwa paneli za laini nzima hautapatikana kwa siku moja.

Kwa wasomaji wengine: anayewaahidi kugeuza PDF za zamani kuwa michoro hai bila kufika kiwandani anawauzia mistari. Programu haitaona waya uliorukishwa usiku wa dharura na haukuandikwa popote. Anayewawekea leseni iliyovunjwa anawaacha na mradi msioweza kumpelekea msambazaji ukiharibika. Na wapo wanaopiga muhuri wa "kama ilivyojengwa" kwenye kila ukurasa bila kufungua mlango wa paneli hata mmoja. Hao ndio wabaya kuliko wote, maana fundi anauamini muhuri kuliko macho yake. Mkiletewa mchoro wenye muhuri huo, ulizeni nani alifungua paneli, lini, na karatasi yenye wino mwekundu iko wapi. Asipoitoa, msiupokee na msimlipe.